Mbegu zako zilituletea prof

Goma, siku ya yenga, kisha misa

Mama Furaha,

Ni miye. Naandika na mukono yangu, usicheke. Furaha alitaka kunisaidia, nikakatala. Akanipatia kaye yake ya zamani, yenye karatasi za nyuma zilibakia nyeupe. Ku upande ingine kuko mahesabu yake. Ukiona vitu kama sisimizi vinapita nyuma ya maneno yangu, si miye. Ni statistike.

Weye haukupendaka mutu anazungukazunguka na habari. Basi naisema mara moja: prof amekubali. Seksio ya Furaha haifungwi. Na mwenye kumuleta ni weye.

Sasa nikuelezee, juu najua utauliza kila kitu.

Ulituacha Furaha iko mu mwaka ya pili ya segondere. Sasa iko ku chuo, mwaka ya mwisho. Anasoma ile statistike. Ni kazi ya kuhesabu watu na vitu, halafu kujua kama hesabu inasema kweli ao inadanganya. Nilimuuliza alichagua ile juu ya nini. Akasema: "Papa, mama alikuwa anaifanya. Hakujua jina tu."

Miye niko palepale ku mawe. Tetemeko iliangusha ukuta ya chuo, nikapata kazi ya kuisimamisha. Mawe ya volkano, unayajua, yanakula vidole. Lakini nilipenda. Mbele ya saa sita namuona mutoto wetu anapita na vitabu, ananisalimia mbele ya marafiki zake, haoni haya.

Shida ilikuwa hivi. Ku seksio yake kulikuwa prof moja tu mukubwa, muzee. Akachoka, akaenda kupumuzika kwao Butembo. Wakabakia vijana wenye wanafundisha vizuri lakini hawana ile diplome ya juu kabisa. Na sheria inasema seksio bila prof mukubwa haitoi diplome. Rekteri, ndiye mukubwa wa chuo, akakusanya wanafunzi, akawaambia: tukikosa prof mbele ya Pasaka, tunafunga. Mutafute chuo ingine, Bukavu ao Kisangani.

Bukavu, kwa mufuko yangu miye, ni kusema hapana. Furaha alijua.

Hakulia. Mutoto wako analiaka mu kufua nguo. Alifua mapazia. Alifua blanketi zote. Alifua kapoti yangu ya baridi, yenye haikuona maji tangu tulikimbia Kibumba. Kuona kapoti ku kamba, nikajua ni mubaya.

Sasa, kulikuwa mutu moja wanamutaka. Mwanamuke. Prof Mwamini. Mutoto wa Masisi, alikimbia vita akiwa musichana, akapita Bunagana na miguu, akasomea Uganda, akakuwa prof mukubwa kule Kampala. Chuo ilikuwa imepata musaada ya kufungua kitu wanaita shere ya utafiti. Ni nafasi ya prof moja mukubwa, anapewa bilo ya kufanyia kazi, anapewa wanafunzi wa kufanya nao utafiti, na wale ndio watafundisha wengine kesho. Walimuandikia Prof Mwamini barua tatu. Alijibu moja: asante, nitafikiri.

Nilijua ile yote juu nilikuwa najenga chini ya dirisha ya Rekteri. Siku moja nasikia anaambia Sekretere wake: "Tuandike ya ine." Sekretere, kijana wa kravati, akasema labda tubadilishe salamu za mwanzo, ziwe na heshima zaidi.

Nikashindwa kunyamaza. Nikasimama na truweli mu mukono. "Rekteri, unisamehe. Mutu wa mvi haitwi na karatasi. Anaombwa kwao."

Sekretere akaniangalia. "Papa, simenti inakauka."

Ni kweli, ilikuwa inakauka. Nikarudi ku kazi. Kisha dakika kidogo Rekteri akatosha kichwa ku dirisha. "Kwao ni wapi?"

Miye nilijua. Mama yake iko Katindo, nyuma ya kambi ya askari. Koko Sifa. Nilimujengea tanki ya maji mwaka yenye ilipita. Muzee sana, lakini sauti kama ya komanda. Alinisimamia siku ine, kila jiwe alisema imepinda. Na alikuwa ananiambia juu ya binti yake prof, vile anakuya kila Noeli, vile alisoma mupaka akasahau kuolewa. Na Noeli ilikuwa karibu.

Nikaambia Rekteri vile sisi tunafanyaka. Unataka mutu wa maana atoke mu nyumba ya watu? Unavaa. Unaenda na wazee. Unabeba mbuzi, unabeba kasiksi, ile pombe ya ndizi, unaketi, unaomba. Sawa vile tunaendaka kuomba bibi. Familia ikikubali, mutu atakatala na uso gani?

Rekteri alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema: "Papa Furaha, weye utatuongoza."

Nilipita kwa Koko Sifa, nikamuambia wakubwa wa chuo watakuya kumusalimia siku ya posho, mwisho wa juma, kisha Noeli. Sikusema zaidi. Mambo kama ile hausemi mbele, unakuya nayo. Kostimi nilikopa kwa muongozi wa korale, juu ile ya ndoa yetu unajua panya waliikula mugongo. Viatu nilikopa kwa jirani. Vilikuwa vya mutu wa miguu ndogo. Furaha alinifunga kravati. Akasema: "Papa, usiongee sana." Nikasema miye sitaongea, kuko Rekteri.

Tulienda mu jeep ya chuo. Rekteri mbele, miye nyuma na Sekretere na mbuzi. Sekretere alikuwa na diskuri ya karatasi ine, anaisoma na midomo. Mbuzi ilimukojolea viatu ku njia ya kambi. Aliendelea kusoma tu. Pale nikaanza kumupenda kidogo.

Sasa sikia kosa yangu, juu ni yangu kabisa. Nilikopa desturi yote, nikasahau kitu moja. Kule wanaenda kuomba bibi, bwana iko palepale. Iko katikati. Ananyamaza, wengine wanamusemea. Iko na viatu vipya na uso wa mutu mwenye tumbo inamuuma.

Basi utuangalie vile tuliingia. Rekteri, pete ya ndoa ku kidole. Sekretere, kijana kabisa, na karatasi zake. Na katikati miye, kostimi, viatu vinabana, nimeshika kamba ya mbuzi, nanyamaza. Na Katindo yote inajua niko mujane.

Familia ilikuwa imejaa mu salon. Wanawake walikuwa mu jikoni, nyuma ya pazia, wanakaanga samaki, na Prof Mwamini pamoja nao. Mwenye alitupokea ni muzee Bahati, mudogo wa Koko. Akauliza: "Ile mbuzi ni ya nani?"

"Ni yetu sisi wote," Rekteri akajibu.

"Nauliza nani ameshika kamba."

"Ni miye," nikasema.

Akaangalia Koko Sifa. Koko akaniangalia kuanzia viatu mupaka kichwa, akafanya kichwa hivi, ya ndiyo. Sikuelewa. Nilizani wanapenda mbuzi.

Wakatuketisha. Miye katikati, ku kiti yenye ilikuwa na kitambaa. Sekretere akasimama, akafungua karatasi, akaanza: "Mbele ya yote..."

Koko akanyoosha mukono. "Keti, mutoto. Utasoma kisha. Miye nataka kusikia huyu."

Huyu ni miye.

"Unafanyaka kazi gani?" akauliza, na tanki yangu iko nje ku mulango wake.

"Mawe, Koko. Unajua."

"Najua. Nataka wao wasikie. Tanki inavuja?"

"Haivuji."

"Unakunywa?"

"Siku ya posho tu."

"Leo ni siku gani?"

"Ya posho, Koko. Ndiyo maana nilikuya na bidon mbili za kasiksi."

Watu wakacheka. Muzee Bahati akasema huyu hadanganyi, huyu tumupatie kikombe. Koko hakucheka. Akauliza kama nilizaa. Nikasema musichana moja, anasoma statistike ku chuo. Pale akamuangalia tena Bahati, kama mutu mwenye kusema, unaona, Mungu anafanya kazi yake.

Kisha akauliza: "Na bibi yako wa mbele? Alikuwa mutu wa namna gani?"

Mama Furaha, nilikuwa ningali sijajua kitu. Nilizani ni maswali ya wazee. Lakini ile swali ilinipata vibaya. Tangu ulienda, watu wananiuliza ulikufa na nini. Hawaniulizi ulikuwa mutu gani. Hakuna hata moja. Nikafungua kinywa na sikuweza tena kuifunga. Furaha alisema nisiongee. Niliongea.

Nilisema juu ya Kanyaruchinya, ku kambi ya wakimbizi. Vile tulifika pale na blanketi moja na sufuria bila mufuniko, bombe zinalia nyuma yetu. Vile walikuchagua mama wa bloki juu ya mudomo yako. Wale wa musaada walikuwa wanakuya na liste, na liste kila wiki ilikuwa inadanganya. Mutu amehama shitingi, ile hema ya plastiki, liste haijui. Mutoto amezaliwa, liste haijui. Watu wanavutana mashati mu mustari, kila mutu anasema ile jina ni yake.

Weye kuandika ilikuwa inakushinda. Ukachukua mbegu. Kila shitingi, kifuko moja ya kitambaa. Muhindi moja kwa mutu mukubwa, haragi moja kwa mutoto. Kila asubui unapita, unauliza, unaongeza, unapunguza. Mutu akihama shitingi, mbegu yake inahama naye. Akirudi kwao, unaweka kijiwe ya volkano mu nafasi yake. Na akikufa, haukutupa mbegu. Uliiweka mu chupa. Nilikuuliza ile chupa ni ya nini. Ukanijibu kama mutu mwenye umeulizwa ujinga: "Alikuwa wa bloki yetu. Akitoka hapa, aende mu hesabu ya nani?"

Nilisema vile wale wa musaada walibisha, na weye ukamwanga vifuko juu ya meza yao. Walihesabu, wakatembea bloki yote, wakarudi, hesabu ni ileile. Mukubwa wao akatosha kofia.

Na ile ingine nayo nikaisema. Unisamehe, ilitoka yenyewe. Ile siku njaa ilinishika, haukuwa pale, nikachukua vifuko vya mustari muzima, nikapika. Ulirudi, ukaangalia mu sufuria. Haukupiga kelele. Ulisema tu: "Umekula watoto wa mustari ya tatu." Na ukanituma palepale, na tumbo imejaa, kupita shitingi kwa shitingi, kuuliza watoto wako ngapi, majina yao moja moja, mbele ya watu wote. Mupaka tunatoka kule watoto waliniita Papa Mukula-watoto.

Salon yote ilicheka. Na mu jikoni mutu moja alicheka mupaka kitu ya chuma ikaanguka chini.

Koko Sifa akapanguza macho na kitenge. Akasema: "Basi. Miye nimekubali."

Rekteri akaruka ku kiti. "Umekubali, Koko?"

"Nimekubali. Mwanaume mwenye anasifu bibi yake marehemu mu nyumba ya wakwe, hawezi kuwa mubaya." Akanigeukia. "Sasa uniambie, binti yangu utamuweka wapi? Nyumba yako iko na vyumba ngapi?"

Pale nikaelewa. Mama Furaha, jasho ilinitoka mupaka ndani ya viatu vya jirani.

"Koko," nikasema, "miye si bwana. Miye nimeshika mbuzi tu."

Muzee Bahati akaweka kikombe chini.

"Basi bwana ni nani?" Koko akauliza. Akaonyesha Sekretere na kidole. "Huyu? Huyu ni mutoto."

Sekretere, na haya yote, akajibu: "Koko, tulikuya juu ya shere ya utafiti."

"Shere ni nani? Baba yake ni nani? Juu ya nini hakukuya mwenyewe?"

Rekteri akakohoa kasiksi yake ku kravati. Na pazia ya jikoni ikafunguka.

Sikuwa nimemuona siku moja. Mufupi, mvi, lunette za macho zenye matone ya mafuta. Alikuwa anacheka bado, machozi ku mashavu, mikono na unga. Akasema: "Mama, waache. Ni watu wa kazi, walikuya kunitaka kazi." Kisha hakuangalia Rekteri hata kidogo. Aliniangalia miye.

"Ile chupa. Ulitupa?"

"Hapana."

"Iko wapi?"

"Ku nyumba. Ku kichwa ya kitanda."

"Mbegu hazikuliwa na wadudu? Ni miaka."

"Nabadilishaka majivu kila musimu. Bibi yangu alifanya vile."

"Leta."

Nilipanda pikipiki ya motari na kostimi ya watu. Nilienda, nilirudi, chupa mu kifua, namuambia motari apite pole ku mashimo. Naye ananiuliza: "Papa, ni dawa?" Nikasema ndiyo. Kufika, bidon moja ilikuwa tupu, na Sekretere alikuwa amevua kravati, muzee Bahati anamufundisha kucheza.

Prof Mwamini akapanguza mikono vizuri, akashika chupa na mikono mbili. Akaigeuza pole. Majivu ikashuka, mbegu zikaonekana. Akauliza kama zote ni za bloki moja. Ndiyo. Mahindi ni wakubwa, maharagi ni watoto? Ndiyo. Akakaa anaangalia maharagi.

"Bibi yako alikufia wapi?"

"Palepale. Wiki mbili mbele ya kutoka mu kambi. Naye iko ndani. Nilimutosha miye mwenyewe mu kifuko yetu."

"Ni gani?"

"Sijui tena. Zote zinafanana."

Akafanya kichwa, ya ndiyo. Kisha akasema na sauti ya chini, lakini kila mutu alisikia: "Siku tulipita Bunagana, tulikuwa watatu. Miye, mama, na mudogo wangu. Yee alikufa ku njia, mbele ya kufika ku meza yenye waliandikia watu. Ku meza waliandika wawili. Miaka yote hii nafundisha watu kuhesabu, na miye mwenyewe naanzaka na wale walifika ku meza."

 

Kisha Koko Sifa akasimama. Bila fimbo. Akaingia mu jikoni, tukasikia anafungua ndoo. Akarudi na haragi moja mu kiganja. Alichagua muzuri, nyekundu, bila tundu. "Alikuwa na miaka ine," akasema. Akafungua chupa yako, akaiweka ndani yee mwenyewe, akatikisa kidogo, akafunga.

Sikukuuliza ruhusa. Nilijua ungesema ndiyo.

Koko akaketi, akapumua, akasema: "Haya, kuleni. Samaki inapoa na hawa wageni wananiangalia kama picha."

Ni pale, na samaki mu mukono, Prof aliambia Rekteri: "Barua zako tatu ziliniambia bilo, gari, na jina ya nafasi. Hakuna hata moja iliniambia kazi. Kazi ni hii." Akagonga chupa na kidole. "Nitakuwa hapa mbele ya Pasaka."

Rekteri akasimama kumushika mukono, akasahau alikuwa na samaki. Sekretere akauliza kama sasa anaweza kusoma diskuri. Koko akamujibu: "Soma. Lakini enda usomee mbuzi, yee ndiye hajasikia kitu."

Wakati tunatoka akanishika mukono ya kostimi. "Mbuzi harudi," akasema. "Na weye, mulango iko wazi."

"Mama," Prof akasema toka ndani.

Mama Furaha, usikasirike. Nilimuambia Koko kama miye niko na bibi. Nikamuonyesha chupa. Akacheka, akaniachilia.

Nilifika ku nyumba, Furaha iko mbele ya beseni, anafua tena. Nikasema: "Acha maji. Anakuya." Akaniangalia. Akaangalia kostimi ya muongozi wa korale, mafuta ya samaki, nywele za mbuzi. Akaketi chini mu maji ya sabuni, akacheka kama weye. Ile cheka ya kupoteza pumuzi. Sikuisikia mu nyumba yetu tangu siku nyingi.

Na alikuya kweli. Wiki mbili mbele ya Pasaka, na bisi ya Bunagana, na makarto ya vitabu. Nilibeba miye yote. Anakaa kwa Koko. Koko analalamika kama vitabu vinaleta panya, lakini jirani akipita anamuita aingie avione.

Siku ya somo ya kwanza nilikuwa ku dirisha na truweli. Ukuta ilikuwa imeisha, lakini niliona jiwe moja imepinda. Prof hakuandika kitu ku ubao. Aliweka chupa juu ya meza, akaita Furaha, akamuambia aelezee. Mutoto wako alisimama mbele ya watu na akasema jina yako. Yote, na jina ya baba yako. Kisha akaelezea muhindi, haragi, kijiwe, chupa. Wote walikuwa wanaandika. Mama Furaha, watu wa kravati walikuwa wanaandika vitu vyako mu kaye.

Halafu Prof akawatuma kila mutu ahesabu watu wa avenyi yake, ile mutaa anakaa, na mbegu, arudi siku ya posho. Walirudi wanabishana mupaka Prof akashika tumbo na kucheka. Mwanafunzi moja alisema avenyi yake haina watoto hata moja. Kumbe kuku walikula maharagi. Furaha akamuambia: "Kwetu ilikuwa papa."

Vita ilirudi, sitakuficha. Kanyaruchinya kumejaa tena, shitingi mupaka ku barabara. Lakini sasa Furaha anaenda kule na wanafunzi wa Prof, na vifuko. Mama moja wa bloki alimuuliza nani aliwafundisha hii. Furaha alirudi kunielezea vile alijibu, na hakufua kitu ile siku. Ameacha kufua kabisa. Kapoti yangu ni chafu tena. Niko muzuri sana.

Chupa haiko tena ku kitanda. Usione vibaya. Iko ku bilo ya Prof, ku meza, pale jua ya asubui inafika. Alisema ni yangu, naweza kuirudisha siku napenda. Nikamuambia ibakie, ku nyumba ilikuwa inaniangalia miye tu. Kila musimu naingia kubadilisha majivu. Sentineli wa mulango ananisimamisha, ni kazi yake. "Papa, unaenda wapi na ile ndoo?" Namuambia naenda kuona bibi. Ananiachilia.

Nitaendelea nayo, ile majivu. Nakuahidi. Ya miti ya kahawa, haina chumvi mingi, vile ulitaka. Na nilimuonyesha Furaha namna ya kuchunga, siku mikono yangu itachoka. Nilimuambia pia achague muhindi muzuri juu yangu, aiweke palepale, asitafute ya kwako ni gani. Tutajuana.

Nilipima na jicho. Kuko nafasi. Lakini usisimame ku mulango kuningojea. Koko Sifa anataka tanki ya pili, na Furaha hajatupatia haragi hata moja.

Lala sasa. Hii karatasi nitaisoma pale kwako, kisha nitaiweka chini ya lile jiwe ya kichwa, yenye nilikata miye. Haikupinda. Niliipima mara mbili.

Wako,
Papa Mukula-watoto